Mjomba, umeniuliza kwa nini nasugua ndege za vita bure

Shikamoo Mjomba,

Swali lako kwenye kundi la familia nililiona siku ileile ulipoliandika. "Mtu mzima na akili zake anaacha kupumzika mwisho wa wiki, anakwenda kusugua mashine za kuulia watu, tena halipwi hata senti." Binamu zangu wakalipokea kwa vicheko, wengine wakaongeza chumvi, mimi nikakaa kimya. Sikukasirika. Niliona tu kwamba jambo ulilolitupa kama mzaha lina uzito wake, na kulijibu kwa mistari miwili ya simu ingekuwa dharau. Nimeamua kukuandikia hapa wazi kwa sababu si wewe tu. Kazini wananiuliza, majirani wananiuliza, na hata wageni wa makumbusho wakiniona na beji ya kujitolea kifuani huniuliza hilohilo, ila wao huanza kwa kuzungukazunguka.

Lakini kabla sijajitetea, Mjomba, mshitakiwa wa kwanza ni wewe. Ni nani aliyenishika mkono akanipeleka Duxford kwa mara ya kwanza, nikiwa bado nalingana urefu na gurudumu la ndege? Uliniambia tunakwenda kuona ndege, mimi nikadhani tunakwenda kumpokea mtu. Tulipoingia ndani ukasahau kabisa kwamba ulikuja na mtoto. Uliganda mbele ya injini ya Merlin iliyowekwa juu ya stendi, ukaizunguka, ukainama, ukachungulia chini yake kama vile mwenyewe ameiacha gereji kwako na jioni atarudi kuichukua. Ukanihesabia silinda 12, sita kila upande. "Lita 27!" ulisema, na kwa sauti ile nilijua ni nyingi hata kabla sijajua lita hizo ni za nini. Kisha ukaja kwenye supachaja: kule juu hewa ni nyembamba, injini inakosa pumzi, basi kuna feni inayoishindilia hewa ndani ili ifanye kazi kana kwamba bado iko chini. Ulieleza kwa mikono yote miwili mpaka watu wakawa wanatuzunguka kusikiliza. Hukutaja hata mara moja nani alimpiga nani. Ulikuwa fundi unayetazama kazi ya mafundi wenzako.

Sasa wewe umeacha, mimi nimebaki na ugonjwa.

Kwa wanaosoma barua hii bila kupajua: Duxford ni uwanja wa zamani wa jeshi la anga la Uingereza, kusini mwa Cambridge, uliojengwa mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1938 kikosi namba 19 kilichokuwa hapo ndicho kilichokuwa cha kwanza kupokea ndege ya kivita ya Spitfire. Julai 1940 hapohapo kikaundwa kikosi namba 310 cha marubani wa Chekoslovakia, watu ambao nchi yao ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, wakapewa ndege za Hurricane. Mwaka 1943 Waamerika wakapewa uwanja wote na kuleta ndege zao za kivita za Thunderbolt. Jeshi likaondoka 1961, majani yakaota, na mwaka 1968 watu wa filamu wakaja wakalipua banda zima la ndege ili kupata picha nzuri ya vita. Banda lililonusurika vita vya Hitler likaenda kufia kwenye sinema. Miaka ya 1970 makumbusho ya vita ya kitaifa yakaingia, na Agosti 1977 Concorde moja, ndege ya abiria yenye kasi kuliko sauti, ikatua pale kwa mara ya mwisho, muda mfupi kabla njia ya kurukia haijafupishwa kupisha barabara kuu ya M11. Mpaka leo ipo, na ndiyo inayopigwa picha kuliko ndege zote, ingawa haikuwahi kubeba hata risasi.

Haya, kazi yenyewe. Watu wakisikia najitolea kwenye makumbusho ya ndege za kivita hudhani nakalia kiti cha rubani na kushika usukani. Mjomba, nafagia. Namwaga mafuta. Injini za duara, zile ambazo silinda zake zimepangwa kuzunguka kama saa, hazijui kufunga mdomo. Oili huteremka kwenye silinda za chini na kudondoka taratibu, kwa hiyo kila moja huwekewa trei chini yake, na trei lazima zikaguliwe. Kwa zile zinazoruka bado, mafundi huzungusha propela kwa mkono kabla ya kuwasha, maana oili ikijaa ndani ya silinda haishindiliki, na ukiwasha kwa nguvu unapinda kitu cha gharama kubwa. Hili nadhani ulinieleza wewe zamani, ila nilikuja kulielewa nilipoona wazee wawili wenye mvi wakilihangaikia asubuhi ya baridi kali.

Kusafisha nako kuna masharti yake. Pete unavua, saa unavua, kalamu unaitoa mfukoni. Maji hakuna. Dawa ya kung'arisha hakuna kabisa, na hilo ndilo linalowashangaza wengi. Tunatumia brashi ya manyoya laini na mashine ya kufyonza vumbi, unasukuma vumbi kuelekea mdomo wa mashine pole pole, ribiti baada ya ribiti. Mkwaruzo hauguswi. Rangi iliyobanduka haiguswi. Ukishaing'arisha ndege ikameremeta umefuta alama za viatu, alama za mikono, na kiraka ambacho fundi fulani alikipiga usiku mmoja ili ndege irudi angani asubuhi. Saa za kwenye dashibodi ndiyo kabisa, huruhusiwi kuzifungua. Nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani. Kung'aa kumeshakwisha, kwa sababu kile kilichokuwa kinawaka kimechoka, lakini radiamu yenyewe inahitaji miaka 1,600 ili nusu yake tu ipungue. Ziko pale zimezima, na mionzi bado inatoka.

Nakuja sasa kwenye swali lako, la mashine za kuulia watu.

Ukiitazama Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza, kutoka mbali unaona ukubwa. Injini nne, rangi nyeusi chini, mkia wenye mapezi mawili. Nilipita mbele yake mara nyingi nikiwa mgeni tu na kila mara niliona fahari. Siku nilipopewa brashi na kuruhusiwa kuingia ndani, fahari ilinitoka. Ndege nzima imejengwa kulizunguka ghala la mabomu. Tumbo lake lina nafasi ndefu ya kama mita 10, na kila kitu kingine, pamoja na watu saba, kimebanwa mahali palipobaki. Katikati mhimili wa bawa umekatiza ndani kwa ndani, nguzo nene ya metali inayofika kiunoni, na ili upite mbele au nyuma lazima uipande. Mimi niliipanda nikiwa na fulana na suruali nyepesi, chini kuna sakafu ya zege na taa za umeme, bado nikagonga goti. Wao waliipanda wakiwa na makoti mazito, buti na mikanda ya mwavuli wa kurukia, gizani, ndege ikiyumba, pengine inawaka. Mlango wa kutorokea wa pale mbele ni mdogo kiasi kwamba ukiutazama unajipima mabega bila kupenda. Ilikuja kuonekana kwamba waliofanikiwa kuruka kutoka Lancaster iliyopigwa walikuwa wachache kuliko waliookoka kwenye Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya Waingereza, ingawa Lancaster ndiyo iliyosifiwa kuwa bora.

Mkiani kuna kiti cha mpiga bunduki. Peke yake, mgongo kwa wenzake, anatazama walikotoka. Nafasi ilikuwa finyu hata mwavuli wake hakuingia nao. Ulining'inizwa nje ya milango iliyo nyuma yake, ndani ya mwili wa ndege. Ili aokoke ilibidi afungue milango, ajipinde, aufikie, auvae, kisha aruke. Nilikuwa nasafisha reli za milango hiyo na brashi ndogo ya kupakia rangi, na ilinichukua muda kumaliza, kwa sababu nilikuwa kila mara nageuka kupima umbali kwa mkono.

Walioruka na vikosi vya mabomu vya Uingereza walikuwa takriban 125,000. Waliokufa ni 55,573. Mmojawapo wa waliopona ni Johnny Smythe wa Sierra Leone, mwongoza njia, yule anayekaa nyuma ya pazia na ramani na penseli akihesabu ndege iko wapi. Ndege yake iliangushwa Ujerumani Novemba 1943, akajificha, akakamatwa, akakaa kambi ya wafungwa mpaka vita vikaisha. Fikiria Wajerumani wa kijijini, mwaka 1943, wanamkuta ofisa mweusi wa jeshi la anga la Uingereza ghalani. Baadaye akasomea sheria na kuwa mwanasheria mkuu wa nchi yake. Wageni wengi huondoka wakidhani vita ile ya angani ilikuwa ya Waingereza vijana wenye skafu za hariri tu, kwa hiyo wakinipa nafasi huwapachikia habari ya Smythe, na nikiona bado wana subira nawaongezea ya Basutoland, Lesotho ya leo. Watu wa kule walichanga fedha za kununulia Spitfire, wakati bei iliyotangazwa kwa wachangiaji ilikuwa pauni 5,000 kwa ndege, na kikosi namba 72 kikachukua jina la Basutoland. Watu waliokuwa chini ya ukoloni wakiwanunulia ndege wakoloni wao. Sijui wewe utalipokeaje hilo, Mjomba. Mimi kila nikilisimulia nachanganyikiwa kati ya kujivuna na kuuma meno.

Kisha kuna waliokuwa chini. Hapo ndipo swali lako linaponibana, na sitajificha. Siku moja nilikuwa nimesimama karibu na Lancaster, akaja msichana mdogo na mama yake. Akaitazama ndege, akanitazama mimi, akauliza, "Hii iliua watu?" Mama akamvuta mkono kidogo, akaanza kuniomba radhi. Nikamwambia mama aache tu, mtoto ameuliza swali bora kuliko yote niliyoulizwa siku hiyo. Wengine walikuwa wameniuliza kasi yake. Nikamwambia mtoto ndiyo, ndege za aina hii ziliua watu wengi, na wengi wao walikuwa nyumbani kwao, wakiwemo watoto. Akauliza kama walikuwa wabaya. Nikasema baadhi ya walioanzisha vita walikuwa wabaya sana, lakini moto hauchagui nyumba. Hamburg, Julai 1943, watu zaidi ya 30,000 waliteketea katika mfululizo wa mashambulizi. Dresden, Februari 1945, mpaka 25,000. Tarakimu hizo sikumpa mtoto. Nakupa wewe.

Wale wanaume wa makoti ya ngozi wanaokuja kunisahihisha kuhusu namba ya injini sina ugomvi nao, baadhi yao ni watu wema sana, lakini wakianza kusema "mashine nzuri kweli" mbele ya ghala la mabomu natafuta trei ya kumwaga. Na siku za maonesho, ndege zinaporuka na umati umejaa kando ya njia, huomba nipangwe kazi ya ndani. Hakuna siku ndege inamdanganya mtu kama siku inaporuka: imeoshwa, haina moshi, haina damu, rubani amelala vizuri na atarudi kunywa chai. Uzuri wa Spitfire ni tatizo, Mjomba, na nasema hivi nikiwa naipenda. Bawa lile lenye umbo la yai ni kazi ya timu ya mhandisi Mitchell, ambaye alifariki 1937 bila kuiona ndege yake ikiingia jeshini. Jicho linalikubali kabla akili haijauliza kitu.

Upande wa magharibi wa uwanja kuna jengo la ndege za Waamerika, lile lililobuniwa na msanifu majengo Norman Foster, lenye paa la zege lililojikunja na ukuta wa kioo mbele, lililofunguliwa 1997. Ndani yake kuna B-52, ndege kubwa ya mabomu ambayo upana wa mabawa yake ni mita 56, na nyingine zimejipanga chini yake kama vifaranga. Kuna B-17, ndege ya mabomu ya vita ile, yenye kile kibanda cha duara cha kioo na chuma tumboni, ambamo kijana mmoja mpiga bunduki, kwa kawaida mfupi kuliko wenzake, alikaa amekunja magoti karibu na masikio, kwenye baridi ya chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa saa nyingi. Wavulana wenye umri kama aliokuwa nao mwanao wa mwisho alipoanza chuo.

Lakini ninapopeleka wageni kwanza ni nje, kabla ya kuingia. Kando ya njia ya mteremko kuna vioo 52 vilivyosimamishwa, kazi ya msanii Renato Niemis, na kwenye vioo hivyo imechongwa michoro midogo ya ndege 7,031, moja kwa kila ndege ya Waamerika iliyotoka Uingereza katika vita ile isirudi. Zimechorwa kutoka juu, kama unazitazama kutoka mbinguni, safu kwa safu. Ndogo, yenye injini moja, ni mtu mmoja. Kubwa, yenye injini nne, ni watu 10. Wageni huanza kuhesabu, wakafika kioo cha pili, wakaacha. Nikiwa zamu huko hupitisha kitambaa kikavu pale watoto walipoweka vidole, na nimeona kwamba vidole vingi huwekwa kwenye zile kubwa.

Najua utakachosema. Vioo hivyo vinahesabu waliopanda, havihesabu waliokuwa chini. Ni kweli. Kwa walio chini ingehitajika kioo cha kuzunguka uwanja mzima, na mimi ningependa kiwepo. Ila ningependa kiwe palepale, karibu na ndege, si mahali pengine pa watu wenye huruma tu. Ukiifungia ndege kwenye ghala au ukaiyeyusha, yule msichana hatapata pa kuuliza swali lake. Atabaki na michezo ya kompyuta na sinema, na kule hakuna anayegonga goti.

Tena si kila kilichopo pale kilikuwa cha kushambulia. Chumba nikipendacho kuliko vyote hakina ndege hata moja. Ni chumba cha uongozi cha mwaka 1940, kimerudishwa kama kilivyokuwa: meza kubwa yenye ramani, na kuizunguka walisimama wanawake vijana wa jeshi la anga wenye fimbo ndefu, wakisogeza vibao kadiri taarifa za rada na za watazamaji wa anga waliokuwa ardhini zilivyoingia kwa simu. Ukutani kuna saa iliyogawanywa vipande vya dakika tano tano, rangi nyekundu, njano na bluu. Kibao kikiwekwa mezani hupewa rangi ya kipande ambacho mkono wa saa upo wakati huo. Kwa hiyo ofisa aliyekaa juu akitupa jicho mara moja tu anajua ni habari ipi mpya na ipi imechacha. Hakuna kompyuta, hakuna skrini. Rangi tatu na kichwa kilichotulia. Wewe uliyekuwa ukiandika namba za oda za gereji kwa chaki za rangi tofauti ungekielewa chumba kile ndani ya dakika moja, na ungekaa nacho mpaka wafunge.

Kuna pia ile nyeusi ndefu, SR-71, ambayo tulipokuwa wote hukuitilia maanani kwa sababu ulishachoka miguu. Hiyo haikubeba bomu, ilibeba kamera. Ndege hiyohiyo, si mfano wake, ndiyo iliyopanda mita 25,929 tarehe 28 Julai 1976 na kuweka rekodi. Mwili wake ni wa titani, na sehemu kubwa ya titani hiyo Waamerika waliinunua Urusi kwa kujificha nyuma ya makampuni, wakaitengenezea ndege ya kuwachungulia Warusi. Ikiwa ardhini ilikuwa inavuja mafuta, maana vipande vyake viliachiwa nafasi ya kutanuka kwa joto la kasi. Fundi wa kawaida angefukuzwa kazi kwa kukabidhi chombo kinachovuja, na hapa uvujaji ulikuwa sehemu ya hesabu. Nataka maoni yako kuhusu hilo.

Kuhusu kutolipwa: ni kweli, silipwi. Napewa chai, na bila shaka oili kwenye mikono haitoki mpaka Jumatatu. Nitaendelea kwenda.

Na ukija kututembelea, nitakupeleka. Chagua siku ya katikati ya wiki, majira ya baridi, wageni wakiwa wachache. Vaa viatu vya kutembelea, maana kutoka mlango wa kuingilia hadi kwa Waamerika ni mwendo mrefu na upepo wa ule uwanja hauna adabu. Tutaanza na vioo ili ubishe ukiwa na nguvu. Ukitaka kusimama nje ya Lancaster usiingie, sitakulazimisha, ila wazee wa kwenye injini za duara wana tatizo la pampu moja ambalo wamelizungukia muda mrefu, na nimeshawaambia nina mjomba.

Wasalimie nyumbani wote.

Ni mimi mpwa wako.